Madoa Chini ya Hina

Kila siku nikitoka shule nilikuwa navua viatu mlangoni, nakunywa bilauri ya chai ya mnanaa iliyokwisha kupoa, kisha nakaa mahali pangu kati ya Mama na dada yangu Yamna kuvunja kokwa za argani, mti wetu wa miiba ambao viini vyake hukamuliwa mafuta. Kila mmoja wetu alikuwa na mawe yake mawili, moja bapa la kuwekea kokwa na jingine la mviringo la kugongea. Ukigonga kwa nguvu unasaga kiini, ukigonga kwa uvivu unajiponda kidole. Mimi nilikuwa hodari wa kujiponda kidole.

"Ijja, hiyo ni kokwa, si kichwa cha mwalimu wako," Yamna alikuwa akiniambia, na mimi namjibu kwamba kichwa cha mwalimu ni kigumu zaidi. Tulicheka sana mwaka ule. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Yamna kumi na tisa, na alikuwa amekwisha kuposwa.

Aliyemposa ni Lahsen, mtoto wa Bi Tuda wa kitongoji cha juu. Alikuwa anauza katika duka la mjomba wake huko Kasablanka. Wanaume wa Tinwarga, kijiji chetu, ndivyo walivyo. Mvulana akitoka ndevu anapanda basi kwenda kuuza sukari na sabuni katika miji ya watu, na anarudi mara moja kwa mwaka, mwezi wa Agosti, na zawadi zake. Kwa hiyo arusi zetu zote hubanana katika mwezi huo mmoja, mpaka siku nyingine ngoma zinalia katika nyumba tatu na hujui uanze kula wapi.

Kabla ya kufunga ndoa, kadhi anataka cheti cha afya cha bwana arusi na cha bibi arusi. Ni sheria. Unakwenda kituo cha afya, daktari anakupima, damu inachukuliwa, ukiwa mzima anakutilia sahihi. Lakini kituo chetu kiko ubavuni mwa soko, na benchi la kungojea liko nje, ukutani, linatazamana na wauza viungo. Anayenunua bizari anakuona. Anayemfunga punda wake anakuona. Bibi arusi akikalia benchi lile wiki ya arusi yake, hadi jioni kijiji kizima kinajua ana ugonjwa gani, hata kama hana.

Mama yangu aliogopa ndimi za watu kuliko alivyoogopa nge. Lahsen alifika Jumapili na arusi ilikuwa Alhamisi. Bi Tuda akaleta karatasi ya mwanawe pamoja na chupa ya mafuta ya argani yaliyokamuliwa upya, akamwambia Mama, "Kwa nini tuwapange vijana wetu pale kama mbuzi wa mnadani? Tia na chupa yako, umpe Ijja apeleke zote mbili. Karani atajua la kufanya."

"Na damu?" Mama aliuliza.

"Damu ya nini, Bi Fadma? Mwanangu unamwona alivyonona. Wako anang'aa kama sahani. Au una wasiwasi na binti yako?"

Mama akajaza chupa yake. Alinipa karatasi mbili na chupa mbili, nami nikashuka sokoni nikijiona mtu mkubwa.

Karani alikuwa na miwani aliyoivaa kwenye paji la uso. Alifungua chupa, akanusa, akafunga. Akazitazama karatasi.

"Hawa wazima?"

"Wazima," nikasema.

"Wanakula?"

"Wanakula."

"Basi," akasema, akaingia chumba cha ndani. Sikumwona daktari, wala daktari hakuniona mimi, sembuse Yamna na Lahsen. Muda si mrefu akatoka na karatasi zote mbili zina sahihi na muhuri wa buluu. Nilikwenda mbio nyumbani nikipunga karatasi ili wino ukauke. Mama alinipa tende iliyojazwa lozi na kusema mbele ya wageni kwamba Ijja ana akili kuliko watu wazima. Sifa ile niliitembeza arusi nzima.

Na arusi ilikuwa nzuri, sitaikana. Mpakaji wa hina alimpamba Yamna mikono hadi viwikoni, na nyayo mpaka vifundoni. Lahsen naye hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu wengi mkisikia habari hii mtataka awe shetani. Alikuwa mpole, mwenye haya, na kila akitutembelea aliniletea peremende ndani ya kikaratasi. Akakaa mwezi mmoja na mkewe, kisha akarudi Kasablanka dukani, na Yamna akabaki kitongoji cha juu na mama mkwe wake.

Mwezi wa kumi Yamna alikuja kutuamkia. Alikaa kwenye mawe yake ya zamani, akashika kokwa, nami nikaona viganja vyake. Hina ya arusi ilikuwa imefifia, na chini yake palikuwa na madoa ya rangi ya shaba, ukubwa wa dengu. Hayakumuwasha wala kumuuma. Kwenye nyayo yalikuwepo pia. Alisema tena kwamba amekuwa na homa ndogo ndogo, koo linamuuma, na nywele zinabaki kwenye kitana.

"Hina ya sokoni hiyo," akasema jirani mmoja tuliyekuwa tunavunja naye kokwa. "Siku hizi wanachanganya dawa ya kupaka nywele. Wataua watu."

"Na homa ni mimba," akasema mwingine, na wanawake wote wakacheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Yamna alikuwa na mimba.

Kwetu hina ni pambo na ni dawa. Kisigino kikipasuka, hina. Kichwa kikiuma, hina. Bi Tuda alichuma majani katika bustani yake mwenyewe, akayatwanga, akampaka mkwewe viganja na nyayo siku tatu mfululizo. Baada ya wiki chache madoa yakaondoka yenyewe, na Bi Tuda akatembea kichwa juu. "Si niliwaambia?" alimwambia kila aliyetaka na asiyetaka kusikia.

Wakati huo kituoni alikuwa amekuja muuguzi mpya, Nesi Sumaya, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alipita hata shuleni kwetu. "Waambieni mama zenu na dada zenu wenye mimba waje tuwapime damu mapema," alisema. Nilimwambia Mama, na Mama akapanda kitongoji cha juu kumwambia Bi Tuda. Mimi nilikuwepo.

"Mimba ya kwanza haitembezwi sokoni, itapigwa jicho," Bi Tuda akajibu. "Mimi nimezaa saba bila kuchomwa hata sindano moja."

"Na walio hai ni wangapi, Bi Tuda?" Mama aliuliza polepole.

"Wanne. Mungu ndiye anayetoa na ndiye anayetwaa. Kunywa chai, itapoa."

Tukanywa chai. Uani palifungwa kondoo dume ambaye Bi Tuda alikuwa anamnenepesha kwa ajili ya siku ya saba, maana kwetu mtoto hupewa jina siku ya saba na kondoo huchinjwa. Alikuwa kondoo mwenye kiburi, alikataa majani makavu. Yamna alimlisha maganda ya matikiti kwa mkono wake na kumwambia, "Kula, we mgeni wa mwanangu."

Mwishoni mwa Machi, mimba ikiwa na miezi minane, mtoto akaacha kucheza. Yamna hakusema siku ya kwanza wala ya pili, akidhani amelala. Siku ya tatu uchungu ukamshika, na safari hii Mama hakumuuliza mtu. Alimpandisha binti yake juu ya punda, akampitisha katikati ya soko mchana kweupe hadi kituoni.

Nilikaa kwenye lile benchi. Nilimsikia Yamna akilia kwa muda mrefu, kisha nikasikia amenyamaza, nami nikangoja kusikia sauti nyingine ndogo. Nilingoja sana. Wauza viungo walikuwa wanapunja watu kama kawaida. Mama alipotoka mikono yake ilikuwa mitupu, ikining'inia kama si yake, na nikajua.

Alikuwa mvulana. Ami yangu alimbeba katika kitambaa cheupe hadi makaburini juu ya kilima, akamlaza chini ya mawe machache. Hakuwa na jina, kwani siku yake ya saba haikufika. Nililia mpaka nikaumwa na kifua.

Kesho yake, Yamna akiwa bado kitandani pale kituoni, Nesi Sumaya alikuja na majibu ya damu aliyomchukua. Akataka kubaki na Yamna peke yake.

"Haya ni mambo yako, mwanangu," akasema. "Mimi sitamwambia mtu, hata mama yako, mpaka wewe utake."

Yamna alikuwa ameshika mkono wangu tangu asubuhi na hakuuachia. "Wakae," akasema. "Sina nguvu ya kusema mara mbili."

Nesi akavuta kiti. "Una kaswende. Ni ugonjwa wa zinaa. Huanza na kidonda kimoja kisichouma, mara nyingi mahali ambapo mwanamke hawezi kukiona. Kinakauka chenyewe. Halafu huja homa, na madoa mwilini. Ulipata madoa yoyote? Viganjani? Kwenye nyayo?"

Yamna alifunua viganja vyake na kuvitazama, ingawa havikuwa na kitu.

"Ilikuwa hina," Mama akasema.

"Hina haikuleta madoa, Bi Fadma. Hina iliyafunika. Nayo yakaondoka kwa sababu ndivyo yafanyavyo, lakini ugonjwa ulibaki kwenye damu na ukamfikia mtoto." Nesi Sumaya alishusha sauti yake kubwa. "Angekuja mimba ikiwa na miezi minne, sindano ingemlinda yeye na mwanawe. Kaswende inatibika. Ndilo linalonichoma roho. Na hili moja silielewi. Jalada hapa linaonyesha mlipimwa kabla ya ndoa, wote wawili."

Mama alinitazama, kisha akautazama ukuta. Mimi niliitazama sakafu. Ulimi wangu ulikuwepo kinywani, mzima kabisa, na sikuutumia. Katika habari yote hii hapo ndipo ninapojichukia zaidi.

"Vyovyote iwavyo," nesi akaendelea, "tutakuchoma sindano tatu za penisilini, moja kila wiki. Kwanza niambie kama dawa hiyo imewahi kukudhuru. Damu nitaipima pia kwa virusi vya UKIMWI. Na mumeo lazima aje. Yeye asipotibiwa, mimi nitakuwa natia maji kwenye gunia. Atakuambukiza tena, na mtoto mwingine atakwenda alikokwenda huyu."

Lahsen alifika kwa basi siku ya nne, macho mekundu. Yamna alimweleza. Naye, badala ya kukubali, alisema kitu ambacho watu wengi walioshikwa na woga husema: "Mimi nilipimwa. Nina cheti." Bi Tuda akasikia, na moto ukawaka.

Siku ya saba, siku ambayo ingekuwa ya jina, tuliitwa kitongoji cha juu. Kondoo alikuwa bado amefungwa uani. Alipomsikia Yamna alilia, akitaka maganda yake. Tulikaa kwenye mikeka. Virusi vya UKIMWI havikuonekana kwenye damu ya Yamna, na hiyo ndiyo habari njema pekee tuliyokuwa nayo. Bi Tuda hakupoteza wakati. Alifungua sanduku la bati na kutoa karatasi.

"Muhuri huu hapa," akasema. "Mwanangu ni msafi, serikali imeandika. Basi ugonjwa umetoka nyumba gani? Mimi sina maneno mengi, Bi Fadma. Mchukue binti yako. Lahsen hataenda kuchomwa sindano kwa kosa la mtu mwingine."

"Mimi sikumjua mwanamume mwingine," Yamna alisema.

"Wote husema hivyo."

Nilimngoja Mama. Kwake kusema kulikuwa kukiri, na jirani wawili walikuwa wamekaa mlangoni wakijifanya wanachambua dengu. Lahsen alikuwa ameinamisha kichwa. Yamna hakumtazama yeyote kati yao. Alinitazama mimi. Nikaona kwamba nikinyamaza tena, dada yangu atashuka kilima kile akiwa ameachwa, ameitwa malaya, na Lahsen atarudi Kasablanka na ugonjwa wake.

"Karatasi hizo nilizipeleka mimi," nikasema.

"Nyamaza, watu wazima wanazungumza," akasema Bi Tuda.

"Nilipeleka zote mbili, na chupa mbili za mafuta. Karani hakumpima mtu. Aliuliza kama mnakula, nikasema mnakula, akagonga muhuri. Yamna hakupimwa. Na wewe, Shemeji, hukupimwa. Wewe mwenyewe unajua hukukanyaga kituoni."

"Mtoto muongo huyu—"

"Si muongo," Mama akasema. Aliinua uso, akawageukia hata wale wa mlangoni. "Nilimtuma mimi. Niliona aibu mwanangu kukaa kwenye benchi. Na chupa moja ilikuwa yako, Bi Tuda. Muhuri huo ni wa mafuta, si wa damu."

Bi Tuda aliitazama karatasi mkononi mwake, kisha akaketi taratibu. Nje kondoo alikuwa anajikuna kwenye ukuta.

"Ni mimi," Lahsen akasema hatimaye, bado kichwa chini. "Mwaka jana, kabla ya kuja kuoa, nilipata kidonda. Kulikuwa na mwanamke kule... Kidonda hakikuuma. Wenzangu dukani waliniambia kikikauka kimekwisha, nipake malhamu tu. Kikakauka. Nikamshukuru Mungu, nikaja kuoa." Alianza kulia, mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalifanyi. "Wallahi sikujua, Yamna. Nilidhani nimepona."

Yamna hakumfuta machozi. "Ulidhani," akasema. "Kesho saa mbili asubuhi, kituoni. Utakaa kwenye benchi."

Akakaa. Nilipita kwenda shule nikamwona, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Nesi Sumaya hakumkaripia. Alimpima, akamchoma sindano ya kwanza kati ya tatu, akawaambia yeye na mkewe wasikutane kimwili mpaka matibabu yaishe na yeye mwenyewe awape ruhusa, na kwamba watarudi kupimwa tena baada ya miezi kadhaa. Alimwambia pia jambo ambalo Lahsen hakulitarajia. Yule mwanamke wa Kasablanka naye anaumwa, kwa hiyo amtafute amwambie akatibiwe. "Usiende kumtukana," nesi alisema. "Naye aliipata kwa mtu."

Jirani wale wachambua dengu walifanya kazi yao. Kufika Jumatatu, mwenzangu wa dawati, Hajju, alikuwa amesogeza mkoba wake hadi ukingoni.

"Mama kasema nisikae na wewe. Ugonjwa wa dada yako utanirukia."

"Utaruka kwa miguu gani?" nikamuuliza, kisha nikatoka nje.

Mwalimu aliona. Wiki ile alimwalika Nesi Sumaya aje azungumze na darasa letu na la juu yetu. Hakumtaja mtu. Alisimama mbele ya ubao na kusema kwamba magonjwa ya zinaa yako mengi, kaswende, kisonono na mengine, na kwamba yamepewa aibu nyingi kuliko dawa, ndiyo maana yanaendelea.

Hajju akanyoosha mkono. "Mtu akinywa kwenye bilauri moja na mgonjwa?"

"Haambukizwi. Wala kwa kukaa dawati moja, wala kusalimiana kwa mikono, wala kwa choo. Hupita kwa watu kujamiiana, na mama huweza kumpa mtoto tumboni. Mengine hupita hata kwa damu."

"Na mtu atajuaje kama anao?" kijana mmoja wa nyuma aliuliza, wenzake wakacheka.

"Msicheke, ameuliza swali la maana. Pengine hatajua. Akiona kidonda sehemu za siri, au usaha, au maumivu akikojoa, aende kituoni siku hiyo hiyo. Lakini wengi hawaoni kitu, au wanaona kikakauka wakajidanganya. Kupima ndiyo njia pekee. Nyinyi bado watoto, na kungoja ndiyo kinga yenu. Na mtu mzima yeyote akiwashika mahali pasipofaa, semeni kwa mnayemwamini, kosa si lenu. Mkikua, mpimwe kabla ya ndoa, wewe na mwenzako, kisha muwe waaminifu. Asiyeweza hayo atumie kondomu kila mara, asimfanye mtu mwingine alipie. Na mgonjwa amalize dawa zote, na mwenziwe atibiwe naye."

Hajju alirudisha mkoba wake katikati ya dawati. Hakuomba radhi, ila siku ile alinigawia nusu ya mkate wake wenye mafuta na asali, nami nikala.

Nilimfuata nesi hadi nje ya lango nikamwambia habari ya karatasi na chupa, yote, pamoja na siku niliyonyamaza mbele yake. Alisikiliza bila kunikatiza. "Ulikuwa mtoto uliyetumwa," akasema. "Lakini ni vizuri umesema, maana wako mabibi arusi wengine." Aliandika barua wilayani. Kabla ya kiangazi karani wa miwani hakuwepo tena, na daktari akaanza kutia sahihi mbele ya mtu aliyepimwa.

Agosti nyingine ikafika, mabasi yakateremsha wanaume na zawadi zao. Binamu yetu Mahjuba alikuwa anaolewa. Asubuhi ya siku ya soko, saa nne, wakati watu wamejaa tele, Mama alimshika mkono Mahjuba akamketisha kwenye benchi la kituo, na yeye akaketi kando yake, uso wazi. Mchumba alikuja na Lahsen, wakakaa upande wa pili. Yamna na mimi tulisimama karibu na mlango, kwa sababu siku hiyo yeye na Lahsen walikuwa wanangoja majibu ya kipimo chao cha kurudia.

Muuza bizari hakuweza kuvumilia. "Bi Fadma, kwani bibi arusi anaumwa?"

"Sijui," Mama akajibu kwa sauti ya kutosha soko zima. "Ndiyo tumekuja kujua. Na wewe ulishapimwa?"

Mwanamke akarudi kwenye bizari yake. Mama alinivuta nikae karibu. Aliongea polepole, akitazama kilima kile chenye mawe machache.

"Ijja, mimi niliogopa watu wasinione hapa asubuhi moja. Asubuhi moja tu, mwanangu, hata chai haipoi. Nikanunua muhuri wa uongo, nikakusifu wewe kwa kuuleta. Karatasi haimjui mgonjwa. Ugonjwa wa zinaa hautazami nani mtoto wa watu wa heshima, nao hautibiki kwa kufichwa. Ukiwa na binti, mlete hapa. Ukiwa na mtoto wa kiume, mlete kwanza yeye."

Nesi Sumaya akatoka na kuita jina la Yamna. Walikaa ndani kidogo. Alipotoka hakutabasamu, maana siku hizo Yamna alikuwa amesahau jinsi inavyofanywa, ila alimwambia Mama kwamba dawa imefanya kazi na Lahsen naye kadhalika. Lahsen alisimama kutoka kwenye benchi, akamsogelea. Yamna alimwambia akanunue nyama, jioni kuna wageni.

Alasiri ile mpakaji wa hina alikuja kwa Mahjuba. Alipommaliza alimwita Yamna, kwa kuwa dada mkubwa hakosi kupakwa. Tangu Machi Yamna hakuwa ameigusa hina. Akavuta mkeka hadi mlangoni penye jua, akafungua viganja vyote viwili mbele ya yule mwanamke.

"Tazama kwanza," akasema.

Mpakaji wa hina alidhani anataniwa. Lakini Yamna aliinyoosha mikono yake akingoja, na yule mwanamke akainama, akavitazama viganja vile vitupu, kimoja baada ya kingine.

"Safi," akasema.

"Haya, sasa paka."